Wasaka laiki kwenye shuka jeupe: filamu nne, na ipi uanze nayo

Mwezi mmoja nilikuwa Forodhani, hapa Unguja, na mpwa wangu, tunasubiri mishikaki. Mbele yetu msichana mgeni kashika bakuli la urojo. Kijana aliyefuatana naye anampiga picha, anazitazama, haridhiki, anamrudisha palepale: inua kijiko, cheka, tazama baharini kama hujui kwamba unapigwa picha. Bajia zikalowa, urojo ukapoa. Picha ilipopatikana, bakuli akapewa mtoto aliyekuwa akipita, na wenyewe wakaenda zao. Hakuonja hata tone.

Mie nilicheka. Mpwa wangu hakucheka. "Mjomba, ile ni kazi," akanambia, na ana haki ya kusema hivyo. Yeye mwenyewe hurikodi vipande vifupi vya nyumba za wageni za Paje na Jambiani, na malipo yake mara nyingi ni kulala usiku mmoja na chai ya asubuhi. Tukabishana mpaka mishikaki ikaja. Nikamwambia iko filamu iliyochukua tuzo kubwa kabisa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, na ndani yake mna sahani ya pasta iliyofikwa na yaleyale yaliyoufika urojo. Akataka kuiona. Dada yangu, mama yake, aliposikia neno Cannes akauliza kama ina mambo ya aibu.

Kutoka hapo zikawa Jumamosi sita juu ya paa letu hapa Ng'ambo: shuka jeupe, projekta ya kuazima, na watazamaji walewale. Mpwa, dada, kijana wa jirani anayehudumia mkahawa wa hoteli kule Kendwa, na mama yetu, ambaye mtaa mzima humwita Bibi na ambaye Kiingereza hakijui wala hana haja nacho. Sikupanga kuandika ulinganisho. Lakini kila ninayemhadithia ananiuliza swali moja, aanze na ipi, na jibu langu linabadilika kila ninapojua atakaa na nani mbele ya hilo shuka.

Filamu za kejeli juu ya umaarufu wa mitandaoni ni nyingi sasa, na zilizo nyingi zina ugonjwa mmoja: zinamcheka msichana mwenye simu, basi. Hilo tunaliweza bila ya filamu. Kaa barazani dakika kumi utalisikia, tena kwa maneno makali zaidi. Kwa hiyo nimezipima kwa jambo moja tu: inachekwa roho ya nani? Ya anayeposti, ya anayetazama, au ya anayelipa? Nne ndizo nilizozipambanisha khasa: Ingrid Goes West ya 2017, na tatu zilizotoka 2022, yaani Not Okay, Sick of Myself na Triangle of Sadness. Mbili nyingine nitazipitia kwa sababu ya Bibi na dada.

Ingrid na Danni

Ingrid Goes West na Not Okay ndizo watu huzichanganya, kwani zote zina msichana mpweke wa Marekani na simu yake. Lakini hazifanani.

Ingrid Goes West, iliyoongozwa na Matt Spicer, inaanza nje ya harusi. Ingrid, anayechezwa na Aubrey Plaza, amekaa garini analia huku akitazama picha za harusi hiyohiyo kwenye simu. Hakualikwa. Anashuka, anaingia, na kumpulizia bibi harusi dawa ya pilipili usoni. Baadaye tunajua urafiki wao ulikuwa nini: bibi harusi aliwahi kumjibu komenti. Ndiyo hiyo tu. Mama yake Ingrid amefariki na kumwachia urithi wa dola zaidi ya 60,000. Siku moja anamsoma kwenye jarida msichana wa Los Angeles, Taylor Sloane (huyu ni Elizabeth Olsen), anamwandikia komenti, anajibiwa sentensi moja ya ukarimu. Anachukua urithi wote na kuhamia mji huo. Anamwibia mbwa wake ili amrudishe kama aliyemwokota, na kuanzia jioni hiyo wameshakuwa marafiki.

Ingrid si maarufu na wala hana cha kuposti. Ni mtazamaji, kama mie na wewe, mtu wa kulala na simu juu ya mto. Hapo ndipo filamu hii inapowapita wenzake. Taylor anachekwa, ndiyo: mumewe, mchoraji, anakuja kumwambia Ingrid pembeni kwamba mambo mengi anayojinadi nayo mkewe si yake. Lakini kicheko kinachobaki kooni ni cha Ingrid anapouchunguza ukurasa wa mwenzake usiku: anakula anachokula, ananunua mkoba anaonunua, anasoma (au anashika) kitabu anachokisoma. Mpwa wangu alijaribu kucheka pale, kisha akanyamaza. Mie pia nilinyamaza, maana nina mtu wangu mmoja mtandaoni, fundi wa majahazi wa mbali ambaye sijawahi kumwona, na najua watoto wake wanaitwa nani.

Na asije mtu akanambia kwamba kiu hii imeletwa na simu. Nenda ukumbini siku ya taarab umtazame anayekwenda kutunza. Noti haitoki mkobani nyumbani; inatoka pale mbele, inakunjuliwa taratibu, inainuliwa juu, mwenyewe anacheza hatua tatu, anageuka upande wa kamera ya video, ndiyo anaiweka. Na kanga je? Jirani akipita mbele ya mlango wako kavaa jina lililokukusudia, ujumbe umeshapostiwa, umeshausoma, na huna pa kujibu mpaka uende Darajani ukatafute kanga ya jibu. Sisi watu wa kuonekana na kuonwa tangu zamani. Ndiyo maana Ingrid hapa kwetu haikuhitaji maelezo.

Not Okay, ya Quinn Shephard, inakwenda njia nyingine. Danni Sanders (Zoey Deutch) anafanya kazi kwenye jarida la mtandaoni New York, anataka kuwa mwandishi, hana marafiki, na kuna kijana mwenye wafuasi wengi ambaye Danni anatamani amtupie jicho. Anadanganya kuwa amekwenda Paris kwenye mafunzo ya waandishi. Kumbe yuko chumbani anaediti picha. Anaposti moja "akiwa" mbele ya Arc de Triomphe, na muda si muda mabomu yanalipuka mjini humo. Simu zinamiminika kumuuliza kama mzima. Pale ndipo pa kusema ukweli. Badala yake anakwenda uwanja wa ndege kujifanya anarudi, wazazi wanampokea kwa machozi, na kesho yake amekuwa mnusurika mashuhuri mwenye alama yake ya reli (hashtag).

Filamu inafungua kwa onyo kwamba ndani yake mna mhusika mkuu wa kike asiyependeka. Mpwa wangu aliipenda kwa hilo tu. Lakini uzito wake hauko kwa Danni. Uko kwa Rowan, binti mdogo aliyenusurika kweli kwenye shambulio la bunduki skulini kwao, anayechezwa na Mia Isaac. Danni anamkuta kwenye kikundi cha walionusurika, anamfanya mdogo wake, na kidogo kidogo anaanza kuyatumia maneno ya yule mtoto kama yake. Ingrid Goes West haina mtu wa namna hii. Kule anayeumizwa zaidi ni mwenye nyumba wake, Dan, kijana mwema mwenye wazimu wa Batman, na filamu yenyewe inamsahau kidogo. Hapa Rowan hasahauliki, na mwisho ni wake: Danni amekwenda kumwomba radhi, anamkuta jukwaani anazungumza, na anaondoka bila ya kupata nafasi wala msamaha. Dada yangu, ambaye wakati wote alikuwa akikoroga chai kwa hasira, alisema afadhali, maana angesamehewa angeizima projekta.

Kasoro yake ni kwamba inakushika mkono. Inakwambia wapi ucheke na wapi uone aibu. Yule kijana mwenye wafuasi kachorwa kikatuni mno, kila akifungua mdomo unajua anachekwa. Ingrid haikwambii kitu. Inakuacha na tabasamu moja mwishoni ambalo hadi leo mie na mpwa hatujakubaliana kama ni la furaha au la mtu aliyepotea kabisa. Ila tahadhari: kabla ya tabasamu hilo kuna tukio la mtu kujaribu kujiua mbele ya simu. Ukiwa na kijana nyumbani anayepitia kipindi kigumu, usimwachie aitazame peke yake usiku wa manane. Kaa naye.

Kwa kejeli, Ingrid. Kwa mazungumzo ya baadaye na vijana wa sekondari, Not Okay, kwa sababu hawataweza kukwepa suala la Rowan. Lugha ya matusi ipo kwenye zote mbili.

Signe, na kuugua kwa makusudi

Sick of Myself ni ya Norway, ya Kristoffer Borgli, na inazungumza Kinorwe na maandishi ya chini kwa Kiingereza. Signe (Kristine Kujath Thorp) anauza kwenye mkahawa Oslo. Mchumba wake, Thomas, ni msanii anayeiba samani na kuzigeuza sanaa, na ameanza kusifiwa. Signe hawezi kulivumilia hilo. Siku moja mwanamke aliyeng'atwa na mbwa anaingia mkahawani anachuruzika damu, Signe anamshika, na baadaye anarudi nyumbani kwa miguu na nguo zile zile za damu ili watu wamuulize kulikoni. Hapo ndipo anapoonja. Kwenye karamu ya Thomas anajitia ana mzio wa karanga. Kisha anasoma mtandaoni juu ya vidonge vya Kirusi vya kutuliza wasiwasi ambavyo vinaharibu ngozi, na anavitafuta kwa sababu vinaharibu ngozi.

Bibi, aliyekuwa akitafsiriwa na mpwa sikioni, alimtambua papo hapo. "Tulikuwa naye huyu mtaani zamani," akasema. "Kila ikifanyika harusi isiyokuwa yake, anapandisha sheitani." Tulicheka mpaka jirani wa nyumba ya pili akauliza tunatazama nini. Lakini ukifikiri, ndiyo tafsiri bora niliyoisikia ya filamu hii. Shoga yetu wa zamani alihitaji ngoma na watu wa kumzunguka. Signe anahitaji gazeti. Na gazeti linamwandika kweli, kisha habari nyingine kubwa inatokea siku hiyohiyo, na yake inateremka. Uso wake pale, ukiwa umefungwa bendeji, ni kichekesho cha kikatili kuliko vyote nilivyoviona kwenye filamu hizi sita.

Ukiilinganisha na Not Okay utaona tofauti ya malighafi. Danni anaiba maumivu ya watu; Signe anayatengeneza mwilini mwake mwenyewe. Ya Danni ina adhabu ya umma, mayowe, komenti za kulaaniwa. Ya Signe haina haja ya adhabu, mwili unalipa. Na jambo moja lililonishangaza: simu haina nafasi kubwa humu. Kuna magazeti, maonesho ya sanaa, kampuni ya mitindo inayotafuta sura "tofauti" kwa tangazo. Borgli anasema, kwa maoni yangu, kwamba ungemnyang'anya Signe simu bado angepata pa kujianika.

Dada hakuimaliza. Alikwenda kuchukua chai pale uso ulipoanza kuvimba na hakurudi. Kama una roho nyepesi kwa majeraha, iache. Kama unaipenda kejeli kavu, isiyokupapasa, hii ni ya pili kwangu baada ya Ingrid, na kuna Jumamosi ninaiweka ya kwanza.

Triangle of Sadness, na watu wanaobeba mizigo

Sasa hiyo ya pasta. Ruben Östlund wa Sweden alipata nayo Palme d'Or, ile tuzo kubwa ya Cannes, ya 2022, ya pili yake, maana ya kwanza aliipata 2017. Jina la filamu linatokana na pembetatu ya mikunjo kati ya nyusi. Mwanzoni kijana mwanamitindo anaambiwa ailegeze kwenye usaili. Kijana huyo ni Carl (Harris Dickinson), na mpenzi wake ni Yaya (Charlbi Dean, mwigizaji wa Afrika Kusini aliyefariki Agosti 2022, akiwa na miaka 32, kabla filamu haijaenea duniani). Yaya ni mwanamitindo na influensa, mtu wa kutangaza vitu kwa wafuasi wake mtandaoni. Amepewa safari ya bure kwenye meli ya anasa kwa sababu ya wafuasi wake, na humo ndimo anapigwa picha na pasta karibu na mdomo, kisha pasta inawekwa. Yeye ngano hali kabisa.

Mpwa wangu aliniangalia. Nikamwambia nilikwambia. Akanijibu, na hapa alinishinda, kwamba nimeitazama vibaya. Yaya hachekwi kwa kutokula. Yaya yuko kazini. Kila mtu mwingine kwenye sitaha ile amelipa apumzike, na waliopo kazini ni wawili tu: wenye sare na yeye. Hata ule ugomvi wa mwanzo wa filamu, kati yake na Carl, wa nani alipe bili ya mkahawa unageuka ukikumbuka kwamba kwenye mitindo wanawake ndio wanaolipwa zaidi. Nikakaa kimya, nikala kashata.

Kwa hiyo hii si filamu ya influensa hasa. Influensa ndani yake ni dagaa. Papa ni wenye kulipa: Mrusi mnene anayejinadi kwa kicheko kwamba utajiri wake ni wa mbolea, na wazee wawili wa Kiingereza wapole, wenye adabu, waliotajirika kwa kutengeneza mabomu ya mkono. Meli iliyotumika ni Christina O, iliyowahi kuwa ya bilionea Mgiriki Aristotle Onassis. Nahodha (Woody Harrelson) ni mlevi wa Kimarekani mwenye kumsoma Karl Marx, baba wa ukomunisti, na usiku wa dhoruba yeye na Mrusi wanafungiana ofisini, wanasomeana nukuu kwenye kipaza sauti cha meli nzima wakati abiria wanatapika. Wanatapika sana. Wanatapika kwa muda ambao kawaida ungetosha kuchemsha maharage. Dada alinisifu kwa kumuonya.

Lakini kipande kilichomshika kijana wetu wa Kendwa hakikuwa hicho. Kuna mke wa tajiri anayekaa kwenye maji ya moto sitahani, anahisi huruma kwa mhudumu, na anamwamuru aingie naye majini. Mhudumu anakataa kwa adabu, hawezi, yuko kazini. Mama yule anazidi: ninataka ufurahi, ninataka wote mufurahi. Na kwa kuwa hakuna anayeruhusiwa kumwambia mgeni hapana, wafanyakazi wote wanapangwa mstari kuogelea, mpaka wapishi, na vyakula vinaharibika jikoni. Kijana wetu alicheka mwanzo, kisha akaomba turudishe nyuma. Akasema anaye wake, kila msimu, mgeni wa kumkalisha mezani kwa nguvu: "Kaa, kunywa nasi, wewe ni rafiki." Na meneja anaangalia kwa mbali. Ukikaa una kosa, usipokaa una kosa.

Sehemu ya tatu ni kisiwa. Meli imeshambuliwa na maharamia, wachache wamepona, na hapo saa za dhahabu na wafuasi havina kazi. Anayejua kuvua na kuwasha moto ni Abigail, msimamizi wa vyoo, anayechezwa na Dolly de Leon wa Ufilipino. Anauliza mbele ya wote nani nahodha hapa, na anahakikisha wanajibu ni yeye. Kwa mtu wa Unguja hapa filamu inakuwa ya nyumbani kabisa. Mpaka muuzaji wa mikoba ya bandia anatokea pwani, ametembea mchangani na bidhaa zake begani, sawasawa na vijana wa bangili na vinyago wa Nungwi. Kumbe kisiwa kina hoteli upande wa pili. Wao walidhani wamepotea duniani kumbe wapo nyuma ya ukuta wa mtu. Jinsi Abigail anavyoipokea habari hiyo sitaisema.

Ukiiweka pamoja na zile tatu, hii ndiyo pekee inayomcheka anayelipa, na ndiyo pekee yenye mtu wa jikoni kama binadamu. Ubaya wake ni mwingi pia. Ni ya dakika 147. Ukiianza saa tatu usiku, utaifunga kama saa tano na nusu. Ina mambo ya chumbani, tena ya kubadilishana na chakula. Na Östlund akishapata utani mzuri hauachi mpaka aukamue. Wafanyakazi wa hoteli wataipenda kuliko wasanii. Usiiweke na wakwe.

Bibi na dada wapo? Basi hizi

Nosedive ni kipindi kimoja cha saa moja hivi cha mfululizo wa Black Mirror, cha mwaka 2016, kilichoongozwa na Joe Wright. Kila mtu anampa kila mtu nyota baada ya kukutana, hadi tano. Lacie (Bryce Dallas Howard) ana 4.2 na anahitaji 4.5 ili apunguziwe kodi ya nyumba anayoitaka. Kila siku anafanya mazoezi ya kucheka mbele ya kioo. Bibi hakuhitaji tafsiri. Alimtazama akicheka na kila mtu njiani, akauliza, "Kwani huyu hana kwao?" Kijana wa Kendwa naye aliona kitu ambacho sisi hatukukiona: kwake yeye hii si kejeli ya kesho. Wageni wanaandika majina ya wahudumu kwenye tathmini zao, na meneja anazisoma kwa sauti asubuhi. Ina matusi karibu na mwisho, yenye sababu yake, na mengine ni safi. Kwa familia sioni nyingine.

Dada yeye alichagua CTRL ya 2024, ya Vikramaditya Motwane, kwa kuwa ni ya Kihindi na yumo Ananya Panday. Nyumba yetu imelelewa na Majestic na Cine Afrique, majumba ya sinema ya zamani hapa mjini. Wazee walirudi na nyimbo zilizohifadhiwa kwa moyo bila kujua maneno yake, na dada anaelewa Kihindi cha mapenzi na cha ugomvi, si cha sokoni. Nella na Joe ni wapenzi mashuhuri mtandaoni. Nella anamfumania mwenzake mbele ya laivu, anaaibika, na anaitumia programu ya akili bandia imfute Joe kwenye picha zote za maisha yao. Filamu karibu yote inaonekana kupitia kioo cha kompyuta na simu. Nusu ya kwanza inachekesha. Ya pili inakuwa ya kutisha, juu ya kampuni zinazomiliki taarifa zetu, na kejeli inafifia. Dada aliipenda, mie nilitaka nusu ya kwanza iendelee. Hizi mbili ziko Netflix kwani ni za wenyewe. Zipakue usiku kwenye waifai ya mtu, bando lisije likakulilia katikati.

Mainstream ya Gia Coppola, na Andrew Garfield anayepiga kelele ndani yake, ilinichosha: inapiga kelele kulaani watu wapigao kelele. Spree ya 2020, dereva wa teksi za programu anayeua abiria ili apate watazamaji, nimeizima baada ya nusu saa. Mwenye kutaka shina la yote haya akamtafute Rupert Pupkin wa The King of Comedy, ya Martin Scorsese, 1982, aliyemteka mtangazaji wa televisheni ili apate usiku mmoja tu wa kuonekana. Simu za mikononi hazikuwapo.

Ukiwa na mpango wa kuonesha ukumbini au skulini badala ya paani kwako, kumbuka sensa ya filamu, yaani ukaguzi wake, hapa iko mikononi mwa BASSFU, baraza la Zanzibar la sanaa na filamu, na kati ya zile nne sioni hata moja itakayopita bila ya maswali.

Basi ukiwa peke yako, anza na Ingrid. Ukiwa na mtu anayefanya kazi hoteli, mpe Triangle, na mwachie yeye rimoti, atataka kurudisha nyuma. Vijana watatu wanne wanaobishana kwa kelele, Not Okay. Sick of Myself mpe yule rafiki ambaye kila akiumwa kichwa anaposti dripu, ikiwa urafiki wenu unastahimili.

Mpwa wangu alikuwa Jambiani wiki iliyopita, kazini kama kawaida. Aliletewa changu wa kuchoma na wali wa nazi. Safari hii akaamua kula kwanza. Picha aliyoiposti ni ya sahani yenye miba mitupu na kipande cha ndimu kilichokamuliwa. Laiki zilikuwa chache, na mwenye nyumba ya wageni alimpigia simu usiku uleule kulalamika: alimtaka samaki mzima.